MWANACHAMA ANAONA NINI KATIKA PICHA YETU?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Gongoni, Tabora)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mabango na picha tunazozitundika katika ofisi na maghala ya vyama vyetu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Kazi yangu ni kuandika vibao na kuchora. Kabla ya hapo, nilipokuwa kijana, nilifundisha kisomo cha watu wazima. Makatibu wanaonijia huniuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: mchoraji hupata wapi wazo la picha? La pili: tutajuaje kama wanachama wataielewa? Kwa miaka mingi niliyajibu mbali mbali, kama mtu anayepima tumbaku kwa mizani moja na asali kwa mizani nyingine. Siku hizi naona kuwa ni swali moja. Nilifika hapo kwa kosa langu mwenyewe, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Chama kimoja cha wakulima wa tumbaku kiliniomba bango la kuwaonya wanachama wasitumie vidumu vitupu vya viuatilifu kuchotea maji wala kuhifadhia asali. Ninyi nyote mnalijua jambo hili. Kidumu cha plastiki ni kizuri, kina mfuniko, hakivuji, na dukani kidumu kama hicho ni fedha. Mkulima anaona ni hasara kukitupa. Nami nilikaa chumbani kwangu, nikafikiri kwa siku mbili, nikachora mama amejitwika kidumu, na juu ya kidumu nikatia alama ya mkato, mistari miwili mizito iliyopishana, kwa rangi nyekundu inayowaka. Niliipenda sana kazi ile. Katibu naye aliipenda. Nakala zikachapwa, zikatundikwa ghalani, ofisini, na penye mti wa mikutano.

Baada ya majuma kadhaa nilipita huko siku ya soko la tumbaku. Nilimkuta bibi mmoja ameketi kivulini mbele ya bango langu, akimsubiri mwanawe aliyekuwa kwenye mizani. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwuliza kwa kiburi kidogo cha mchoraji: “Bibi, unaona nini katika picha ile?” Akaitazama kwa utulivu. Akasema: “Mwanangu, pale namwona mama amebeba kidumu cha dawa ya hospitali. Si unaona msalaba mwekundu?”

Mzee aliyekuwa karibu akamkatalia. Yeye alisema kuwa si hospitali. Ile alama ni mahali pa kutia sahihi, kama karani anavyoonyesha katika fomu ya mkopo mahali pa kuweka dole gumba. Kijana wa shule akawacheka wote wawili, akasema ile ni alama ya kosa, mwalimu huitia katika daftari. Watu watatu, bango moja, maana tatu. Na maana niliyoikusudia mimi ilipatikana kwa yule peke yake ambaye hakuhitaji kuonywa, kwa maana angeweza kusoma maandishi yaliyo kwenye kidumu chenyewe.

Bibi yule alikuja na maji ya kunywa ya wajukuu wake. Maji hayo yalikuwa ndani ya kidumu cha aina ile ile.

Katibu aliponisikia nikilisimulia jambo hili, alitikisa kichwa akasema, “Watu hawa hawaelewi.” Nakiri kuwa neno hilo lilikuwa limekwisha kunifikia ulimini na mimi. Lakini fikirini, ndugu zangu. Bibi alielewa kikamilifu. Aliona wekundu, akaona mistari miwili iliyopishana, akatafuta katika maisha yake mahali alipopata kuviona vitu hivyo viwili pamoja, akakumbuka gari la wagonjwa na zahanati. Alifanya kazi yote ambayo msomaji mwema hufanya. Asiyesoma vizuri nilikuwa mimi, niliyechora bila ya kumsoma bibi.

Na sikuwa wa kwanza kuteleza hivyo. Mwaka 1976, nchini Nepal, Diana Fussell na Ane Haaland walikwenda vijijini na picha za namna mbali mbali, wakawauliza watu wanachokiona. Waligundua kuwa michoro ya vijiti, ile ambayo sisi huidhania kuwa rahisi kuliko yote, iliwatatiza wengi, na kuwa picha yenye vivuli na sura kamili ilitambulika vizuri zaidi. Waligundua pia kwamba mtu aweza kukitaja kila kitu kilichomo katika picha, huyu ni mama, hiki ni chungu, ile ni miti, na bado asipate shauri ambalo picha ililetwa kumpa. Wanakijiji hawakuizoea desturi ya picha kutoa mashauri. Picha kwao ilikuwa picha.

Karibu zaidi na jambo letu la vidumu, mwaka 2008 mtafiti Hanna-Andrea Rother alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya kwa wafanyakazi wa mashamba huko Afrika Kusini. Aliwaonyesha vile vipicha vidogo vinavyochapwa kwenye lebo za viuatilifu: glavu, viatu virefu, mikono chini ya bomba, mtoto na kufuli. Vipicha hivyo vilitungwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na watengenezaji wa dawa, ili mtu asiyejua kusoma apone. Vingi kati ya vipicha hivyo vilipewa maana nyingine kabisa na wafanyakazi wengi. Na hao ni watu wanaovishika vidumu hivyo kila siku.

Tena kuna utepe wa rangi ulioko chini ya lebo. Naomba kila katibu aliye hapa aukumbuke, kwa kuwa wanachama watamwuliza. Nyekundu ni sumu kali kupita zote, njano hufuata, kisha buluu, na kijani ni ile yenye hatari ndogo kuliko nyingine. Sasa mwambie mkulima kuwa kijani ni “hatari ndogo”. Atakuambia kijani ni majani, ni mvua, ni mboga. Kwake hiyo ni rangi ya uhai, wala haina hatari hata kidogo. Na nyekundu? Misafara iliyopita hapa Tabora ikitoka pwani kwenda Ujiji ilitanguliwa na kirangozi mwenye bendera nyekundu, nayo ilitangaza kuwa huu ni msafara wa watu wa Zanzibar. Barabarani nyekundu ni simama. Hospitali ni msaada. Rangi haina maana moja iliyozaliwa nayo. Hupewa na mahali ilipotumika, na kila mtu huja na mahali pake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa yale maswali mawili ni moja. Kama maana ya picha imo katika maisha ya mtazamaji, basi na chimbuko la picha limo humo humo. Mchoraji anayefungia mlango ili apate wazo anajinyima vyote viwili. Naye katibu anayenakili bango la kigeni kwa kuwa limechapwa vizuri anafanya kosa langu, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Nikatafuta, basi. Niliacha kufikiri ni alama gani nzuri ya kukataza, nikajiuliza: watu wa huku, tangu zamani, walikatazana vipi bila ya maneno?

Jawabu lilikuwa njiani. Mngereza Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857. Katika maelezo yake ya misafara alisimulia kuwa penye njia panda waliotangulia huiziba njia isiyo ya kufuatwa kwa tawi au nyasi, au kwa mstari uliochorwa kwa mguu mchangani. Mpagazi aliyekuja nyuma, hata akiwa peke yake, hata akiwa amechoka na mzigo wa pembe begani, akiliona tawi alijua: huku siko. Hakuna aliyemfundisha darasani. Na tazameni leo. Lori likiharibika katika barabara ya Nzega, dereva hufanya nini? Hukata matawi mabichi akayapanga barabarani mbele na nyuma ya gari lake. Zaidi ya miaka 160 imepita, mizigo imetoka mabegani ikapanda magurudumu, na tawi bado linasema neno lile lile. Nilikuwa nimelipita tawi hilo maisha yangu yote, nami nilikuwa nyumbani nikitafuta wazo!

Nikachora upya. Safari hii kidumu kilikuwa chini, penye kijia cha kwenda kisimani, na tawi bichi limelazwa mbele yake. Nikarudi nalo likiwa bado ni karatasi moja tu, kabla ya kuchapwa. Nikawauliza watu kumi na wawili. Wengi walisema: njia imefungwa. Lakini hawakusema kuwa kidumu ndicho kilichokatazwa. Walidhani kisima kimeharibika! Basi nikajua kuwa tawi linafaa, ila mahali pake si kijiani. Katika mchoro wa tatu nililiweka juu ya kidumu chenyewe, limeshindiliwa mdomoni mahali pa mfuniko, na kando yake fuvu lile ambalo kila mtoto analijua kwa kuliona kwenye nguzo za umeme. Hapo maelezo yakaanza kukaribiana.

Nawasimulia kushindwa huku kwa urefu kwa sababu makatibu wengi huona aibu kuuliza. Wanadhani kumwuliza mwanachama “unaona nini” ni kukiri kwamba bango ni baya. Ni kweli kwamba huenda likawa baya. Lakini bango baya likiwa karatasi moja ni hasara ya shilingi chache; likiwa nakala mia tatu ni fedha za wanachama, na likiwa juu ya sumu ni zaidi ya fedha.

Sasa namna ya kuuliza. Hapa nina ukali kidogo. Usimwulize mtu, “Je, umeelewa?” Hapa Unyamwezini mtu mwenye adabu hawezi kumjibu katibu wa chama chake, “Hapana, sikuelewa.” Atasema, “Ndiyo, nimeelewa, asante.” Usimwulize pia, “Picha hii ni nzuri?” Atasema ni nzuri. Mwulize, “Nieleze kilichomo.” Kisha, “Ungemsimulia jirani yako, ungemwambia afanye nini?” Halafu ukae kimya. Ukianza kumsaidia umeharibu. Tena usiwaulize wakiwa kundi, maana akisema mwenyekiti wa kijiji wote watasema kama yeye. Waulize mmoja mmoja, na wawepo akina mama, kwa kuwa kidumu cha maji hakibebwi na mwenyekiti. Wawepo wasiojua kusoma, na wawepo waliosoma chuoni kwa herufi za Kiarabu.

Hilo la mwisho lina sababu. Baada ya bango la kidumu nilitakiwa kuchora namna ya kukiangamiza: kisuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yarudishwe ndani ya bomba la kupulizia dawa yakamalizikie shambani, kisha kidumu kitobolewe kisiweze kutumika tena, na kipelekwe chamani mahali pa kukusanyia. Nikachora picha nne kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyoandika. Mzee mmoja wa hapa mjini, mtu wa msikitini, msomi wa Kurani tangu utoto wake, alinieleza kwa ufasaha mkubwa picha zile kuanzia kulia: mtu anapokea kidumu kilichotobolewa, anakiziba, anakisuuza, kisha anakitia dawa mpya. Hakukosea hatua hata moja. Alianza upande ambao amezoea kuanza kwa miaka sabini. Tangu siku ile picha za hatua nazipanga kutoka juu kwenda chini. Msomaji wa herufi za kizungu huanza juu, wa Kiarabu huanza juu, naye asiyesoma kabisa hufuata mvua inavyoanguka.

Ndugu wengine watasema: enyi wazee, siku hizi kila mtu ana simu, tangazo linarushwa katika kundi la chama na kazi imekwisha. Sikatai. Simu imetufaa sana, hasa wakati wa kutangaza siku ya soko. Lakini picha niliyowasimulia, ile ya msalaba, ingefika kwa watu mia tatu katika dakika moja ikiwa na kosa lake lile lile. Isitoshe, katika simu humwoni mtu uso. Ghalani niliweza kumwona bibi akisita.

Sisi wa umri wangu tulipata somo kubwa mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima kusikiliza redio. Kulikuwa na vitabu vyenye picha, kulikuwa na vitambaa vilivyochapwa alama ya kampeni, vikavaliwa. Lakini hakuna aliyedhani kuwa kitambaa kitachimba choo. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasomewa kitabu, kikatazama picha, kikabishana, kisha kikakata shauri la kufanya kazi fulani kabla ya mkutano ujao. Picha iliwapa watu jambo moja la kutazama kwa pamoja wakati wa kubishana. Nimeona vyama vingi siku hizi vinatundika bango kisha vinaondoka, kama mtu anayepanda mbegu juu ya sementi.

Niseme sasa juu ya alama za vyama vyenyewe, ingawa najua nitawaudhi wachache.

Vyama vingi hupenda nembo ya mikono miwili iliyoshikana. Ni nembo ya heshima. Lakini mwenzangu mchoraji alipochora mkono mmoja wenye ukingo wa shati na koti, na mwingine mtupu, wakulima walisema mara moja: huu ni wa bwana na huu ni wetu. Hakuikusudia maana hiyo, lakini aliichora. Na mwanachama mzee anapoitazama nembo ya ushirika haoni mikono tu. Anakumbuka kuwa vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na kwamba vilirudi kwa sheria ya mwaka 1982. Anakumbuka msimu aliolipwa na msimu aliosubiri. Mchoraji hawezi kulifuta jambo hilo kwa rangi. Hata ndugu zetu wa nchi nyingine wana alama zao zenye asili yake: wanaushirika wa Marekani walichagua misonobari miwili mwaka 1922, na bendera ya upinde wa mvua ikakubaliwa na shirikisho la ushirika la dunia mwaka 1925. Msonobari ni mti wa kwao. Sisi watu wa miombo na mininga, tunaotundika mizinga juu ya miti, sioni kwa nini tuazime msonobari.

Nanyi msidhani kuwa alama ni jambo dogo. Katika uchaguzi mkuu wa Septemba 1965, ili wapiga kura wasiosoma wawatambue wagombea, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Alama hizo zilikusudiwa zisimpendelee yeyote. Lakini kampeni zilipoanza, wagombea wakaanza kuzieleza: jembe ndilo linalotulisha, na nyumba ndiyo inayotuhifadhi. Kumbe hakuna picha isiyo na upande mara inapofika mbele ya watu wanaolima na kujenga.

Na hapa nafikia jambo ambalo kwa hakika ndilo linalowaumiza wengi, nalo ni makato. Bei ya tumbaku hutajwa kwa dola, pembejeo zilikopwa, ushuru hukatwa, na mwanachama hupewa karatasi yenye safu za tarakimu. Asipoielewa huona ameibiwa. Akiona ameibiwa, vishoka wanamngoja njiani usiku na fedha taslimu. Katibu mmoja kijana alinijia na duara lililokatwa vipande kama alivyofundishwa chuoni. Nikamwomba tuende sokoni. Pale akina mama wamepanga nyanya kwa mafungu. Hakuna mtu asiyejua kusoma mafungu! Tukarudi tukachora marobota kumi ya mwanachama mmoja wa mfano, tukayatenga: haya ni ya pembejeo, hili ni la ushuru, haya yaliyobaki ni yako, na chini ya kila fungu tarakimu yake. Tulipoyatundika yalizuka maswali mengi kupita ilivyozoeleka. Mwanachama mmoja aliuliza kwa nini fungu la pembejeo ni kubwa kuliko la mwaka uliopita. Katibu alitokwa na jasho, lakini alifungua daftari akamjibu.

Hapo nawaonya makatibu, na nawaonya wanachama pia. Picha iliyoeleweka inaweza kudanganya vizuri kuliko tarakimu. Chora robota la makato dogo kidogo kuliko robota la malipo, ingawa uzito ni mmoja, na jicho litadanganyika kabla ya akili kuamka. Kila bango la hesabu litiwe sahihi ya mtu aliyelikagua, na daftari liwe karibu, ili atakaye kuhakikisha ahakikishe.

Kuhusu maneno ya kuandika chini ya picha sina mengi. Nendeni mkawatazame akina mama wakinunua kanga. Huitazama rangi, huutazama mji na pindo, kisha hutafuta jina. Ua likiwa zuri na jina likiwa baya, huirudisha. Wala jina la kanga si refu. Nimesoma mabango ya vyama yenye maneno mia moja na ishirini chini ya picha. Huyo mwandishi angalikuwa muuza kanga angalilala njaa.

Mwanzoni mwa kazi yangu niliwahi kutazama michoro iliyonakiliwa kutoka nyumba za wayeye, waganga wa nyoka wa Usukumani, ambayo Hans Cory aliitolea kitabu mwaka 1953. Sisi wageni tunaona nyoka na watu. Waliofundishwa ndani ya nyumba zile waliona mafunzo yao. Nilijiona mjinga mbele ya picha zile, na nadhani kila katibu angefaidika kujiona hivyo walau mara moja, ili ajue mwanachama anavyojisikia anaposimamishwa mbele ya ubao wa ofisi.

Ndugu Mwenyekiti, bibi niliyemtaja nilimtembelea tena mwezi uliopita. Kile kidumu alikwisha kukitoboa, anapandia miche ya mipapai. Nilimwonyesha mchoro wangu wa nne akausifu, kisha akauliza mbona mama wa katika picha hana mtoto mgongoni, na ni nani basi anayekunywa yale maji. Nimemtia mtoto.

Bango hilo nimelitundika nje, ukutani, mkono wa kushoto mtokapo mlangoni. Sikuliandika neno hata moja. Naomba mtoke mmoja mmoja, msiambiane, na kila mmoja anieleze anachokiona. Mimi nitakuwa pale na daftari. Mchapaji amenipa nafasi mpaka Ijumaa.